Bati Tupu Nyuma ya Dereva

Vestina Nduwayezu ameitumikia Karakana ya Haidari, hapa Kasulu mjini, kwa miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa Agosti 2003 kama mshonaji wa viti vya magari, na amestaafu tarehe 31 Julai 2025 akiwa mkuu wa chumba cha mazulia. Mazulia hayo si ya sebuleni. Ni yale yanayogundishwa chini ya boneti, sakafuni na kwenye kuta za gari ili kelele za injini na barabara zisimfikie aliyekaa ndani. Kwa kuwa Mama Vestina sasa hasikii tena, tumeona wasifu huu uchapwe, akabidhiwe yeye kwanza, ndipo wengine wasomewe.

Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, wakapata shamba Rungwe Mpya. Mama yake alimfundisha kushona magodoro ya sufi na majani makavu ya migomba. Ufundi wa mazulia ulianzia kwenye magodoro hayo. Mwaka 2009 alimkuta dereva wa basi la Kibondo akiagiza chai kwa sauti ya mnadani.

"Kaka, unagombana na nani?" alimuuliza.

"Sigombani, dada. Nimeshuka, ila masikio bado yako barabarani."

Vestina alirudi karakana akaomba mabaki ya nguo za mitumba na katani. Alichambua, akachanganya na nyuzi za migomba, akashindilia chini ya mawe. Zulia la kwanza lilikuwa zuri sana, na lilidumu majuma mawili. Gundi yake ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Athuman, dereva wa lori la mahindi, alilirudisha gari akicheka na kulaani kwa pamoja: "Mama Vestina, hili ni lori au ghala? Panya wamezaa mlangoni!" Tangu hapo alitumia gundi ya mafundi viatu. Baadaye akagundua kwamba nyuzi peke yake hazitoshi. Chini akaweka tabaka zito la lami ili bodi lisitetemeke, na juu tabaka laini la kunywa sauti iliyobaki. Kufikia 2015 tulikuwa tukipokea magari kutoka Kakonko, Kibondo na kambini Nyarugusu.

Februari 2016 tulimaliza pikapu ya kikundi cha wanakijiji wa Kasanda, iliyofunikwa nyuma kwa ajili ya kubebea wagonjwa. Waliomba dereva asisumbuliwe na makelele, nasi tuliifunika kila mahali, pamoja na ukuta wote ulio nyuma ya kiti chake. Ilikuwa kazi safi kuliko zote tulizowahi kufanya. Tulipiga picha.

Hapa kwetu aliyepanda nyuma akitaka gari lisimame hugonga bodi. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, tunakua nalo. Ndiyo sababu katika karakana nzima hakuna aliyewaza kwamba zulia linalozuia kelele litazuia na ngumi.

Mwezi uliofuata pikapu hiyo ilimchukua Maximilla, mwanamke aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, kumpeleka Kibondo. Njiani alianza kutokwa damu nyingi. Mama yake mzazi, aliyekaa naye nyuma, aliiona zahanati kwa mbali akagonga ili waingie hapo. Dereva hakusikia. Zahanati ikapita. Mama aliendelea kugonga mpaka Kibondo. Milango ilipofunguliwa, Maximilla alikuwa ameshakata roho, na mtoto hakuzaliwa.

Mama Vestina alikwenda msibani, ingawa wengi wetu tulimshauri asiende. Mama wa marehemu alimwonyesha mikono yake iliyovimba. "Niligonga, mwanangu. Niligonga na kiatu. Gari lenu lilimeza sauti yangu."

Aliporudi hakushika kazi mpaka mvua za masika zilipokwisha. Kisha akaingia na mkasi, akakata zulia la nyuma ya kiti cha dereva kwenye gari lililokuwa likisubiri kukabidhiwa, akaacha bati tupu lenye ukubwa wa sinia. Akalipaka rangi nyekundu pande zote mbili. Tulipomwuliza kwa nini asifunge kengele, alisema nyaya hukatika kwa barabara zetu, na mtu mwenye maumivu hatafuti kitufe, anagonga. Akazunguka yeye mwenyewe Kibondo na Kakonko, gari moja baada ya jingine, akikata.

Si wote waliolipenda. Ridhiwani, mwenye mabasi, alikuja juu: "Mama, nilikuja kununua ukimya, wewe umeniachia ngoma!" Akamjibu apeleke basi lake kwingine. Akalipeleka kweli, hata leo hajarudi. Mzee Haidari, mwenye karakana, alinuna, lakini bati likabaki.

Masikio yake yaliondoka polepole. Kila gari alilijaribu mwenyewe, injini ikinguruma, kwanza bila zulia na kisha likiwa na zulia, mwaka baada ya mwaka. Sikio la kulia lilitangulia. Daktari alisema ni kelele, na kwamba halina dawa. Mama Vestina akatutangazia: "Nimepata zulia bora kuliko yote. Halihitaji hata gundi." Tulicheka kwa sababu alitaka tucheke.

Alipoaga aliomba jambo moja tu: bati lisifunikwe baada yake. Ombi hilo halikuwa jepesi. Sasa tunaletewa kutoka Dar es Salaam sponji iliyokwisha kukatwa, inayofunika ukuta wote kwa kipande kimoja, na wateja wanaipenda. Tulimwalika pia mama yake Maximilla kwenye sherehe hii ya kumuaga Mama Vestina. Amekataa kuja, na hatumlaumu. Alimtuma mtu na maneno haya tu: "Waambieni wasilizibe."

Mzee Haidari ameagiza jibu lake liandikwe hapa, kwa kuwa akilisema halitamfikia mwenye ombi. Gari la kwanza lenye sponji mpya limekamilika. Yeye mwenyewe ameshika mkasi akaikata. Bati liko wazi, na litakuwa wazi kwenye kila gari litakalotoka hapa.

Asante kwa kazi yako, Mama Vestina, na kwa kurudi kazini baada ya siku zile. Shamba lako la Rungwe Mpya likupe chakula, na nyumba yako iwe na watu wa kukushika mkono.

Leo hatutapiga makofi. Ukimaliza kusoma, nenda kwenye gari lililoegeshwa mlangoni, ukae kiti cha dereva, uweke kiganja kwenye bati. Sisi tutakuwa nyuma, tunagonga.