Marehemu Anakunywa Kahawa

Kijiwe chenyewe ni bomba. Bomba la chuma la maji, nene kama pipa, lililong'olewa kituo cha pampu mwaka waliobadilisha mabomba makuu, akalileta Mzee Koki na kulilaza juu ya matofali mbele ya kibanda cha fundi viatu. Asubuhi linagandisha makalio, mchana linayachoma, kwa hiyo wenyewe hukutana alasiri, jua likishahamia upande wa pili wa barabara. Mama Birika hutandaza vikombe vyake mwanzo wa bomba, na mwisho wa bomba hukaa sufuria tupu. Hiyo sufuria ni ya simu. Ukikaa, simu yako sufuriani, maana kijiwe kilishachoka na watu wanaoitikia "ehee" huku macho yamezama kwenye kioo. Siku ile Injinia alifika wa mwisho, akatia yake, akakaa kwa nusu tako kama mtu anayesubiri kuitwa ndani na daktari.

— Una nini wewe? aliuliza Spika, fundi viatu, bila kuinua uso kwenye soli. Jina hilo alipewa kwa sababu hapo kijiweni neno halipiti bila ruhusa yake.

— Sina kitu.

— Mtu asiye na kitu hakorogi kahawa isiyo na sukari.

Injinia akatazama kikombe chake. Kweli alikuwa anakoroga kahawa chungu. Akaweka kijiko chini, akamsogelea Mzee Koki, akamnong'oneza sikioni.

— Mzee wangu, wale watu walikupigia?

— Ati?

Hapo ndipo penye taabu. Mzee Koki alikuwa mkuu wa kituo cha pampu mpaka alipostaafu, na mota zilimla masikio yote mawili. Simu huisikia akiifungulia sauti yote, lakini siri huwezi kumnong'oneza. Injinia akajaribu tena, juu kidogo, kisha juu zaidi, na mara ya nne mtaa mzima ukasikia.

— Wale wa viza, mzee. Walikupigia simu?

Sindano ya Spika ikasimama. Daktari, ambaye huuza miwani ya mtumba na hutibu kila ugonjwa kwa mdomo, akageuka na kikombe chake. Mama Birika akashusha birika.

— Viza gani? Spika akauliza.

— Ya kazi, akasema Injinia. Ya mafundi wenye ujuzi.

— Unahama?

— Bado sijahama.

— Unahama na hukutuambia. Tunakunywa na wewe kahawa kila siku ya Mungu, kumbe wewe umeshafunga mizigo.

Mke wa Injinia alimwapisha asimwambie mtu mpaka ndege iruke, maana watu wana macho mabaya na midomo mibaya zaidi. Injinia naye akamwapisha Mzee Koki. Mzee alikuwa amekishika kiapo vizuri mno.

— Mwache, akasema Mama Birika. Wifi yangu na watoto wanakwenda pia?

— Wote.

— Basi Mungu awatangulie.

— Awatangulie na blanketi, akasema Daktari. Huko baridi inaingia kwenye mifupa na haitoki. Nilimwuzia miwani mtu aliyerudi. Vidole vyake havikunjiki mpaka leo.

— Vidole si hoja, akasema Spika. Hoja ni hiyo viza. Viza ya kazi ni ya bosi, si yako. Bosi akiamka vibaya, asubuhi ile ile wewe ni mhalifu. Unakaa kwake kama mbuzi kwenye kamba.

— Unapewa muda wa kutafuta kazi nyingine, akasema Injinia.

— Kazi gani? Utabeba vifurushi. Injinia mzima, ngazi juu ngazi chini, unagonga milango, watoto wadogo wanakuambia weka hapo.

— Afadhali vifurushi, akasema Daktari, akavuta sauti chini. Mimi nimeambiwa wanakupima damu, macho, figo. Jiulize, mtu anataka utengeneze pampu, figo yako anaitakia nini?

— Kuona kama mzima, akasema Mama Birika.

— Mzima kwa ajili ya nani?

Mama Birika akaanza kufuta vikombe.

— Na hata figo si mwisho wake, akasema Spika, ambaye hakubali kupitwa. Wanakukalisha mbele ya kompyuta. Wanakuuliza unatengenezaje hiki, unatengenezaje kile, wewe unajibu kwa mbwembwe. Kompyuta inanyonya. Siku ujuzi ukiisha kichwani, wanakurudisha mtupu. Unafika hapa hata bisibisi hujui inashikwa upande gani.

Mama Birika akacheka. Injinia hakucheka. Mambo yote hayo alikuwa ameshajiogopesha nayo mwenyewe, kila moja kwa sura yake isiyo ya kipuuzi. Miaka yote amekuwa akiijua pampu kwa kuiwekea bisibisi kwenye mwili na mpini sikioni, kama alivyofundishwa na Mzee Koki, akasikia beringi inayoanza kulia wiki nyingi kabla haijafa. Kwenye mahojiano ya kompyuta kijana mmoja wa kule alimwuliza anatumia kifaa gani kupima mtetemo. Akataja kifaa ambacho hajawahi kukishika. Tangu siku ile anaogopa kwenda. Lakini kubaki anakuogopa zaidi, kwa sababu kazini amekwisha aga. Juzi msaidizi wake alimwomba ufunguo wa kabati la vifaa, kwa adabu, akiutazama mfuko wake na si uso wake. Mkewe ameacha kazi ya kufundisha. Binti yao amegawa wanasesere wake kwa majirani, akabakiza mmoja wa kupanda naye ndege.

— Sasa tatizo ni nini? akauliza Mzee Koki, aliyekuwa akifuata midomo yao mmoja baada ya mwingine.

Injinia akamgeukia, akasema pole pole na kwa sauti kubwa, kama wanavyozungumza naye siku zote.

— Wale watu hawaamini makaratasi, mzee. Makaratasi ya kughushi yamewachosha. Wanataka kuongea na mkubwa wangu wa zamani, wamsikie akisema huyu kweli alikuwa fundi wangu, alifanya hivi na hivi. Nikawapa namba yako.

— Najua. Nasubiri.

— Leo asubuhi wameniandikia. Wanasema walipiga, wakapewa taarifa zinazowatatiza. Wanasema alasiri hii watapiga mara ya mwisho.

— Mimi sijapigiwa na mtu.

— Taarifa gani hizo? akauliza Mama Birika.

— Hawakusema.

Injinia alimwona Spika akichoma sindano mahali ambapo alikwisha pashona. Akamwona Daktari anafuta miwani ambayo ni safi.

— Spika, akasema.

— Naam.

— Ulipokea simu ya mzee?

Hebu tueleweshane hapa. Mtaa ule ulikuwa umeandamwa na matapeli wa simu. Anapiga mtu kwa namba ndefu, anakuambia umeshinda zawadi, ukizubaa unaachwa huna hata nauli. Kijiwe kikatafuta dawa yake. Namba ngeni ikiita sufuriani, haijalishi simu ni ya nani, Spika anaipokea kwa sauti ya mfiwa, anasema mwenye simu ametutoka. Daktari analia kwa nyuma. Tapeli hana la kumtapeli maiti, anakata. Dawa ilifanya kazi mno, mpaka wakawa wanazisubiri hizo simu kwa hamu.

— Juzi, akasema Spika. Mzee alikuwa amekwenda kunawa.

— Namba ndefu?

— Ndefu. Mwanamke, anaongea Kizungu. Mimi Kizungu changu ni kidogo, lakini cha kusema mtu amekufa ninacho.

— Ukamwambia amekufa.

— Nikamwambia.

— Akasemaje?

— Akasema pole sana. Kwa kweli alikuwa mwanamke mstaarabu. Nilishangaa, tapeli mwenye adabu namna ile.

Injinia akaweka kikombe chini. Akashika ukingo wa bomba.

— Basi? Mkaishia hapo?

Spika akamtazama Daktari. Daktari akatazama barabarani.

— Akaniuliza amekufa na nini, akasema Spika. Sasa mimi, kaka, sikujiandaa. Neno lililonijia ni pampu. Maana mzee hadithi zake ni pampu, asubuhi pampu, jioni pampu. Nikasema pampu ilimlipukia kazini.

— Pampu.

— Imetengenezwa vibaya, nikasema. Daktari hapo alikuwa analia vizuri sana.

Mzee Koki alimvuta Injinia mkono.

— Wanasema nini? Mbona mmenuna?

— Wamesema umekufa, mzee.

— Mimi?

— Wewe. Pampu imekuua.

Mzee Koki akanywa funda la kahawa, akalifikiria.

— Pampu ipi? akauliza.

Siku nyingine yoyote kijiwe kingeanguka kwa kicheko. Spika aliweka kiatu chini, pamoja na sindano.

— Nisamehe, kaka. Wallahi nisingejua. Ungetuambia tu kwamba kuna watu watapiga.

Hilo ndilo lililomchoma Injinia kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kweli.

— Si jambo kubwa, akasema Mama Birika. Wakipiga, mzee apokee. Aseme nipo hapa, mzima, nakunywa kahawa.

— Watasema ni tapeli, akasema Injinia. Juzi mtu amekufa, leo anapokea simu yake na kumsifia fundi wake. Wewe ungeamini?

— Aseme yeye ni pacha wake, akasema Daktari.

— Nyamaza.

— Au hospitali ilikosea. Inatokea. Wamempeleka chumba cha baridi, akapiga chafya.

— Daktari, nyamaza.

— Basi mimi nipokee, akasema Spika. Niseme ni mimi niliyedanganya. Nilikuwa nacheza.

— Useme wewe nani? Mshona viatu anayeshika simu ya mkuu wa kituo cha pampu? akauliza Injinia, akawageukia wote. Mnajua wamesemaje kuhusu uongo? Mtu wako yeyote akipatikana amedanganya, unafungiwa mlango miaka kumi. Nina miaka arobaini na tatu. Baada ya miaka kumi hawanitaki hata wanikute nimesimama mlangoni kwao. Na huko kazini siwezi kurudi. Nitarudi kwa nani? Kwa msaidizi wangu, nimwombe ufunguo?

Mama Birika alitaka kumwongezea kahawa, akainamisha birika, yakatoka matone mawili na mashapo. Hakuna aliyelalamika.

— Mimi naogopa, akasema Injinia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Jamani, naogopa kweli.

Mzee Koki hakuwa amesikia yote, lakini hilo alilisoma mdomoni. Akamwekea mkono begani, kama siku ile ya kwanza kituoni alipomkabidhi bisibisi na kumwambia asikilize.

Kisha bomba likatetemeka.

Walilihisi wote kwa pamoja, kutoka chini, kabla mlio haujawafikia. Sufuria ilikuwa inagonga chuma, na ndani yake simu moja ilikuwa inazunguka polepole kati ya nyingine. Hata Mzee Koki alijua. Alifumba macho kidogo, kiganja kwenye bomba, kama zamani.

Daktari alichungulia sufuriani.

— Ni ya mzee, akasema. Namba ndefu.

Spika akaificha mikono yake kwapani. Mzee Koki akanyoosha wake, akaitoa simu, akaishika wazi kiganjani bila kugusa kioo. Akamgeukia Injinia.

— Mwanangu, akasema. Nipokee nikiwa nani?

Injinia akafungua mdomo. Marehemu hawezi kusema. Mzee aliye hai hawezi kuaminika. Ikikatika, habari itabaki ile ile iliyofika kule juzi, kwamba kuna mtu alikufa kwa pampu iliyotengenezwa vibaya, na kwamba aliyekuwa fundi wa pampu hizo anaomba kwenda kutengeneza za wengine. Alimfikiria binti yake na yule mwanasesere mmoja. Mkono wake ulikuwa juu ya goti na haukutoka.

Mwanamke mmoja akasimama mbele yao, amevaa ndala, amekuja kuchukua viatu vyake. Alimsalimia fundi, fundi hakuitika. Akawatazama mmoja mmoja, watu wazima watano juu ya bomba, vikombe vitupu, na simu inayolia kiganjani mwa mzee.

— Jamani, akasema. Simu inaita. Mbona hampokei?

Wakamtazama, kisha wakaitazama simu. Ilikuwa bado inaita.