Kabla Hawajabonyeza Ruka

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kila asubuhi birika la kahawa hufika kabla ya wateja. Jana mada ilikuwa mwenzetu tunayemwita Sauti. Huyu amesoma matangazo ya biashara runingani tangu enzi ambazo sisi wengine tulikuwa bado na nywele, na sifa yake ni kile kimya chake: alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kutaja bidhaa, nyumba nzima ikakodoa macho. Sasa wafanyabiashara wamehamia mtandaoni, runinga imemwambia akapumzike, na alasiri hiyo ya jana alikuwa aende kujaribiwa sauti kwa tangazo la godoro, la kuoneshwa kwenye simu. Akilikosa hilo, ndiyo basi tena.

— Sasa ugumu uko wapi? akauliza Kinyozi kutoka mlangoni, huku akimnyoa mteja. Godoro ni godoro.

— Mtazamaji anapewa sekunde tano, akasema Sauti, kisha anabonyeza “ruka”. Sekunde tano mimi bado navuta pumzi!

— Basi uivute kabisa ukiwa nyumbani.

Katibu, aliyestaafu wizarani ingawa wizara haijamtoka, akatua kikombe.

— Hili ni suala la kisera. Iundwe kamati. Kitufe cha kuruka kisitishwe kwa muda, kusubiri maoni ya wadau.

— Wadau ndio nani? akauliza Kinyozi.

— Wanaoruka.

— Mzee wangu, hao maoni wameshatoa, kwa kidole gumba.

Katibu akasema hayo hayakuwasilishwa kwa maandishi.

— Nyie hamjui, akasema Kinyozi. Simu inasikiliza! Juzi nimelalamika mgongo, papo hapo nikaletewa godoro. Sauti asitangaze chochote. Apite tu barabarani akiugulia mgongo karibu na simu za watu.

— Kwa kibali, akaongeza Katibu.

Sauti hakucheka.

— Jamani, nikirudi mikono mitupu nimwambie nini mama watoto?

— Anza kumwambia, halafu nyamaza, akasema Kinyozi. Labda yeye hataruka.

Mama mmoja, aliyekuwa akimngoja mumewe amalize kunyolewa, akageuka.

— Samahani, baba. Hiyo sauti... si wewe wa lile tangazo la runinga? Jamani! Kwetu tulikuwa tunaacha vijiko hewani!

Sauti akanyooka, akafunga kifungo cha shati.

— Ndiye mimi, mwanangu.

— Lilikuwa tangazo la nini vile?

Katibu akasema sabuni. Kinyozi akasema rangi ya nyumba. Mimi ningeapa ni mafuta ya kupikia. Tukamgeukia mwenyewe, na mwenyewe alikuwa akitutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayehesabu kura.