Safari za Jumanne za Kocha Zéphirin Nkongolo (1968–2025)

Zéphirin Nkongolo alizaliwa Kasaji tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa marehemu Tata Mukalay, fundi wa reli, na Mama Henriette. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri huko huko Kasaji, kisha akaja Kolwezi na kupata diploma ya umeme mwaka 1988. Alikuwa fundi umeme katika machimbo ya shaba yaitwayo Mashamba kwa miaka kumi na tisa, na kila Jumapili alicheza beki. Waliocheza naye wanasema hakuwa na mbio, ila kumpita ilikuwa kazi.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Angèle Kabemba. Alichelewa kanisani nusu saa kwa sababu suruali ya harusi ilikataa kufungwa, na bibi harusi akacheka mbele ya padri.

Mwaka 2010 alikabidhiwa timu ya Tujikaze, akaipandisha daraja mara mbili. Alipokuwa mnene, mashabiki walimpigia kelele: “Kocha, punguza bukari!” yaani ale ugali kidogo. Naye alicheka nao. Lakini mwaka jana alianza kukonda, timu ikapoteza mechi tano mfululizo, na kila Jumanne watu walimwona akipanda gari la msaidizi wake, Lucien, kuelekea Likasi.

“Mutu hawezi kukonda hivi bure,” alisema Tata Muamba, kiongozi wa mashabiki, mbele ya watu sokoni. “Iko kitu anaficha. Banaenda kule kuuzisha mechi.”

Mama Angèle naye alishuku, ila lake lilikuwa jingine. Mwezi wa Novemba alimsubiri mlangoni.

“Zéphirin, Likasi kuko nani?”

“Kuko munganga wa hospitali.” Akaketi. “Niko na kansa ya tumbo.”

“Juu ya nini hukuniambia?”

“Uso yako haiwezi kuficha kitu. Batoto ya timu bangejua, bangeogopa kucheza.”

Mama Angèle alimnunia siku mbili. Jumanne iliyofuata alipanda gari pamoja nao.

Kocha alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jeneza lilikuwa bado halijanunuliwa, uvumi ukawa umekwisha kufika matangani: Lucien amempa sumu ili arithi timu. Vijana wakamzuia getini. Mama Angèle akatoka na karatasi za hospitali.

“Tata Muamba, soma wewe mwenyewe. Soma kwa nguvu, bote basikie.”

Akasoma. Alipofika kwenye tarehe za matibabu, zote Jumanne, alirudi akazisoma tena. Mama Angèle akamshika Lucien mkono, akamketisha upande wa familia. Wapo ambao hadi leo wanamtazama kwa jicho la pembeni. Kwa ajili yao, Mama Angèle aliagiza ugonjwa utajwe humu kwa jina lake.

Marehemu ameacha mjane, Angèle, watoto watatu, Blandine, Jeancy na Myriam, wajukuu wawili, na mama yake, Henriette, mwenye miaka themanini na minne. Jeneza litabebwa na wachezaji wanne, Tata Muamba, na Lucien, ambaye atatangulia mbele upande wa kulia.

Zéphirin, pumzika. Mungu akupe amani ambayo midomo yetu ilikunyima.