Mama Aliyelipeleka Majnuni Barabarani

Baba Paroko, wazee wa Lobule, ndugu mliotoka Aroi, Ediofe na ng'ambo ya mpaka Ariwara, majirani zetu wa Koboko, Waislamu kwa Wakristo, familia imenisimamisha mimi, Onzima, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, na imenionya nisisome kwa sauti ya kinyonge, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia mambo ya kinyonge.

Marehemu Candiru Perpetua alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 kijijini Aroi, mtoto wa pili wa Mzee Silvester na Mama Yulita, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya msingi hapohapo Aroi mwaka 1975, lakini vita vilipofika kwetu na watu wakahama kwa wingi mwaka 1980, alivuka na wazazi kwenda Ariwara, nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, akajifunza Kiswahili sokoni kwa kuuza mihogo, na huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza mwanamke akiendesha lori, sista mmoja wa misheni mwenye viatu vilivyojaa tope, akarudi nyumbani akamwambia mama kwamba kazi yake ameshaijua. Mama alicheka, baba hakucheka, na Candiru hakulizungumza tena jambo hilo kwa miaka mingi, ila wale tuliolala naye chumba kimoja tulimsikia usingizini akinguruma kama injini inayopanda mlima.

Familia iliporudi mwaka 1986 alimalizia shule ya msingi pale Ediofe, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani na wala asione haya, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1991. Mwaka uliofuata alipata kazi katika ghala la tumbaku mjini Arua, na humo ndimo alimokutana na Mzee Swaka, Mnubi wa Koboko, dereva wa lori la kampuni, mtu asiyependa maneno mengi, ambaye alikubali kumfundisha kila Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja mtupu, kwa sharti moja tu, kwamba asiwahi kukanyaga mafuta kabla ya kujua breki iko wapi. Alipata leseni ya udereva tarehe 3 Machi 1993, na kuanzia mwaka 1994 akaendesha malori ya shirika moja la misaada, akipeleka chakula kwa wakimbizi wa Sudan, mvua na jua, kutoka Arua hadi Koboko na mpakani, mwanamke pekee katika msafara wa wanaume waliokuwa wakimwita Kaka hadi siku ile alipowavuta wote kutoka kwenye tope, mmoja baada ya mwingine, ndipo wakaanza kumwita Mama.

Ndoa yake nayo aliipata njiani, maana springi ya lori ilivunjika Koboko, akapelekwa kwa fundi wa kuchomelea aliyetoka Congo, kijana aitwaye Camille, aliyemwambia arudi kesho, naye akajibu kwamba wenye njaa hawajui kesho, akavua koti, akamshikia chuma mpaka kazi ikaisha. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 25 Novemba 1995 katika Kanisa Kuu la Ediofe, Mungu akawajalia watoto wawili, Christelle aliyezaliwa mwaka 1997 na Enoch aliyezaliwa mwaka 2001, na mwaka 2004 wakanunua shamba hapa Lobule, Camille akajenga karakana nyuma ya nyumba hii mnayoiona.

Shirika lilifunga mradi wake mwishoni mwa mwaka 2017. Candiru alishika jembe kama sisi sote, lakini kila lori lilipopita barabarani alinyanyuka kulitazama mpaka lipotee, na Camille, ambaye aliyaona hayo yote, alirudi siku moja mwezi wa Agosti 2018 akiwa amefunga nyuma ya trekta gari ambalo hapa Lobule hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Vijana wa Kampala walikuwa wamelileta Arua kwa mashindano ya kuendesha kwenye matope, wakavunja gia, wakachoka nalo, wakaliuza. Lilikuwa Land Cruiser fupi, lakini paa lilikuwa limekatwa na mahali pake yamewekwa mabomba ya chuma, springi zimeinuliwa hivi kwamba ili upande ulikanyaga kwanza gurudumu, matairi yametokeza nje ya madigadi kama miguu ya chura, taa zimepangwa juu kama za uwanja wa mpira, na bomba la moshi lilitoa sauti iliyowafanya kuku wa nyumba ya tatu wakimbie. Akina mama wa Kinubi waliokuja kulitazama walilipa jina siku hiyohiyo, Majnuni, yaani mwendawazimu, na Candiru akalipenda jina kabla hata hajaliwasha gari.

Walitengeneza gia pamoja, na mvua za mwaka 2019 zilipoanza, njia za huku zikageuka uji, Majnuni likawa linapita pale ambapo hata baiskeli hubebwa begani. Alikuwa akizunguka nalo mashambani tu, kwa kuwa alijua haliruhusiwi barabarani, kwani halikuwa na namba, na kadi yake ilieleza gari jingine kabisa, jeupe, lenye paa na injini ya petroli, na hili lilikuwa la manjano, wazi, lenye injini ya dizeli. Lakini Alhamisi tarehe 23 Mei 2019, mchana, jirani yetu Sharifah alishikwa na uchungu wa kujifungua, mtoto amelala vibaya, kijito kimejaa, pikipiki zimeshindwa, na mkunga akasema wazi kwamba asipofika hospitali ya Koboko, jioni haitamkuta hai. Candiru hakumuuliza mtu. Walimfunga Sharifah kwa blanketi na shuka katikati ya mito ya kulalia, maji ya kijito yakapanda hadi mlangoni, gari likapiga kelele, likapanda ng'ambo ya pili likitiririka maji, na watu waliokuwa wamesimama ukingoni walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Kwenye kizuizi cha Koboko akasimamishwa na Afande Wahabu wa trafiki, ambaye alilizunguka gari mara moja, akamtazama Sharifah, akapanda yeye mwenyewe, akasimama juu ya bampa la nyuma akipunga mkono watu wapishe njia hadi hospitali, na mtoto wa kike, Hawah, akazaliwa salama kwa upasuaji. Candiru alitoka nje akiwa anacheka na kulia, akamkuta Afande amesimama mbele ya gari na mkono umenyooshwa akitaka ufunguo.

“Mtoto amezaliwa, mimi nashukuru Mungu,” Afande alimwambia. “Lakini hii gari inalala kituoni mpaka itengenezwe. Nikiacha wewe leo, kesho ukiua mutu, mimi ndiyo nitakuwa nimekusaidia kuua.”

Njia nzima ya kurudi Candiru alikasirika, akiwa amekaa nyuma ya bodaboda, na alipofika nyumbani hasira zilikuwa zimekwisha, akamwambia Camille kwamba yule mtu amesema kweli, na kwamba Majnuni litapata namba, litapita mbele ya kizuizi kile mchana kweupe, na litabeba kila mama wa Lobule bila kujificha. Tangu siku hiyo nyumba hii haikutulia, ilikuwa ni nyundo na kicheko, Arua leo na Koboko kesho, na dada yetu alionekana kama amerudi kwenye umri wa msichana.

Gari lilivutwa hadi Arua mwezi wa Juni kwa mkaguzi wa magari, Bi Rashida, dada mpole mwenye ovaroli safi, aliyelala chini ya Majnuni kwa muda mrefu, akatoka na kumweleza yote bila kumficha, kwamba kubadili injini, rangi na umbo si dhambi mradi yaombewe kibali na kuandikwa upya kwenye kadi, kwamba matairi lazima yafunikwe na madigadi, taa za juu zizimwe barabarani, mikanda iwekwe kila kiti, breki zisivute upande mmoja. Lakini neno zito lilikuwa moja, kuhusu tairodi, ile fimbo ya chuma inayoyaunganisha magurudumu ya mbele na usukani, ambayo Camille alikuwa ameikata na kuichomelea ili ifae urefu mpya.

“Tairodi haichomelewi, mama,” Rashida alisema. “Ikiachana kwenye kona, usukani unabaki mikononi kama sahani.”

Camille alikuwa amesimama hapo, naye ni fundi ambaye machela za hospitali, mageti ya shule na hata msalaba wa kigango chetu ni kazi ya mikono yake. Alirudi Lobule amenuna, akasema hataruhusu mtoto wa juzi amfundishe chuma, na Candiru alipomjibu kwamba yeye yuko upande wa mkaguzi, wakawa hawasemeshani, mke anapika, mume anakula karakanani, na sisi ndugu tukawa tunapeleka salamu kutoka mlango huu hadi ule. Candiru alikuwa anampenda mumewe, na ndiyo maana hakurudi nyuma, kwa kuwa alijua yeye ndiye atakayekaa nyuma ya usukani na mama mwenye uchungu atakuwa kando yake.

Mwisho Camille aliifungua tairodi, akaipeleka karakanani akaikata kwa msumeno palepale kwenye kiungo alichokichomelea, akitaka kuonyesha wote kwamba ndani ni imara. Aliuelekeza mkato kwenye mwanga, halafu akamwita mkewe kwa sauti ya chini.

“Mama Christelle, kuja uone.”

Ndani ya chuma kulikuwa na ufa, umezunguka karibu kote, umeshaingia kutu, na kilichobaki kushikilia kilikuwa chembamba kama ukucha. Camille aliketi chini, akasema kwamba kijitoni siku ile alikuwa amemweka Sharifah, mtoto na mke wake juu ya kitu hicho, akafunika uso. Candiru alimshika kichwa, akamwambia, “Nimeona. Sasa twende tununue mpya.” Na huyu mume, ambaye yuko hapa na ameridhia nisome haya, alipanda basi kesho yake kwenda Kampala, akarudi na tairodi ya kiwandani, akaenda nayo moja kwa moja kwa Rashida kabla hata hajafika nyumbani.

Ukaguzi wa pili walikwama kwenye breki, wakacheka, wakarudi kazini. Ijumaa tarehe 13 Septemba 2019 Rashida alipanda mwenyewe, Candiru pembeni amefunga mkanda, wakashuka mteremko wa kutoka Ediofe, watu wamejaa kando ya barabara kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea sokoni, na mkaguzi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, Majnuni likasimama limenyooka kama lililopigiliwa misumari. Vumbi likatua. Rashida alimgeukia akamwambia, “Hii sasa iko gari,” na dada yetu, ambaye hakulia kwenye harusi yake, alilia mbele ya mji mzima wa Arua.

Kibali, kadi mpya na namba vilifika kutoka Kampala, na Jumatatu tarehe 13 Januari 2020 Camille alizifunga namba kwa mikono yake, mbele na nyuma, akaomba zisifungwe na mtu mwingine. Walikwenda Koboko mchana kweupe, Sharifah na mtoto wake wakiwa nyuma, wote wamefunga mikanda, na Afande Wahabu akawasimamisha, akasoma kadi tangu mwanzo hadi mwisho bila haraka, akainama kutazama chini, kisha akapiga saluti na kusema, “Pita, mama.” Wasimuliaji wa Koboko wanasema honi ilisikika hadi mpakani, nasi hatutabishana nao leo.

Miezi miwili baadaye barabara zikafungwa kwa ajili ya korona, magari ya watu yakazuiwa, na wilaya ilipotafuta magari ya kubeba wagonjwa, kibali hakikuweza kutolewa kwa gari lisilo na namba, ndipo sote tukaelewa alichokuwa amepigania. Majnuni lilibeba kina mama, wazee wa presha, dawa, mitihani ya shule na timu ya mpira ya Lobule iliyoshindwa vibaya Arua ikarudi ikiimba. Candiru aliwafundisha udereva wanawake kadhaa wa hapa, wa kwanza akiwa Sharifah, ambaye sasa ana leseni na ndiye dereva, na familia imekubaliana kwamba ataendelea.

Marehemu alianza kuumwa mwezi wa Oktoba 2024, akatibiwa Arua, akapelekwa Kampala ambako ilionekana ni saratani ya kongosho, naye akaomba arudi nyumbani. Siku za mwisho Camille alimuuliza kama anaogopa, akamjibu, “Mimi nilishafurahi sana, Baba Christelle. Hiyo iko tosha.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, jua limeshatoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Koboko, Arua na Kampala waliomhudumia kwa upole, majirani wa Lobule mliolima shamba lake alipokuwa kitandani, madereva wenzake wa zamani, mkaguzi Rashida na Afande Wahabu mlioacha kazi mkaja, na kila mama aliyeleta mtoto wake hapa leo, maana tumewaona, mmejaza ua wote, na kelele za watoto wenu hatutaki mtu azinyamazishe.

Dada, kazi imeisha na imefanyika vizuri. Pumzika sasa, kwa amani yote.