Bi Pindo na Jalada Lisilofunguliwa

Wasikilizaji wapendwa, mlipita pale. Msinikatalie. Mlipita mbele ya lango la ile nyumba ya kutunzia wazee, mkaona maua yamemwagiwa maji na ukuta umepakwa rangi, mkasema, "Wazee wetu wako pazuri." Mmoja wenu ameniandikia kwamba alisikia mtu akiita dirishani. Akaongeza mwendo. Leo tunamkumbuka aliyekuwa akiita.

Alikuwa fundi cherehani. Miaka arobaini na mmoja alishona katika chumba kimoja cha barabarani, na wateja walimwita Bi Pindo, kwa kuwa hakujibu salamu ya mtu kabla hajalikagua pindo la nguo yake. Mdogo wake, ambaye nyumbani wanamwita mjomba, bado anacheka huku anafuta macho. "Alinishonea suruali ya harusi. Nikamwambia, dada, mguu mmoja mrefu. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, suruali haina kosa, simama sawa!"

Alizaa binti mmoja. Binti ni msusi, kutwa yuko wima nyuma ya vichwa vya watu. Bi Pindo alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, binti alijaribu miezi minne kumtunza kwake, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Mgongo ukakataa. Wateja wakakimbia. Ndipo akaenda kuiona ile nyumba. Akamuuliza meneja, "Hapa panakaguliwa?" Meneja akanyoosha kidole kwenye cheti ukutani. "Kila mwaka, dada yangu. Wewe lala usingizi." Binti akaamini. Ungekuwa wewe, usingeamini?

Sasa nisikilizeni vizuri. Bi Pindo aliingia na sindano yake na kibunda cha uzi mwekundu. Kila asubuhi ambayo shuka lake halikubadilishwa, alipiga alama moja ya uzi pembeni, ndogo kama punje ya mchele. Shuka likibadilishwa, anaanza upya. Kwa wahudumu hakulalamika. Alishona tu.

Siku ya ukaguzi ilijulikana wiki nzima kabla. Asubuhi hiyo mashuka mapya yakatandikwa vitanda vyote. Vyote, isipokuwa kimoja. Bi Pindo aligoma kuinuka. "Leo nina baridi," akawaambia, "aliye na haraka anitandike na mimi humu humu." Mkaguzi alipofika kitandani kwake, Bi Pindo akamvuta mkono, akamwekea kidole kwenye alama. Mkaguzi akahesabu. Kumi na tisa. Siku kumi na tisa, shuka moja. Kisha mama akajigeuza taratibu, akamwonyesha kidonda cha nyonga, kile cha kulalia upande mmoja. Mkaguzi akatoa kalamu. Aliandika kurasa mbili.

Binti alipokuja Jumapili alitaka kumwondoa siku ile ile. "Mama, twende nyumbani. Nitakubeba mwenyewe."

"Kwa mgongo gani? Tulia. Ameandika yote, nimemwona. Nikiondoka leo watasema mlalamikaji hayupo. Ngoja ripoti itoke, tutoke sote humu."

Wakangoja ripoti. Hilo ndilo kosa lao, wasikilizaji wapendwa. Walidhani kinachoandikwa kinatoka.

Wiki ya tatu binti akaenda ofisi ya wakaguzi. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akampa maji. Karatasi hakumpa. "Ripoti hizi ni siri, dada. Tunalinda faragha ya wakazi."

"Mkazi ndiye kanituma. Ni mama yangu."

"Basi aandike barua."

Mama akaandika. Karani akaisoma mara mbili. "Inatakiwa muhuri wa nyumba anakoishi."

"Nikaombe muhuri kwa hao hao anaowalalamikia?"

"Mimi ndivyo nilivyoelekezwa, dada."

Jalada lenyewe lilikuwa rafuni nyuma ya karani, la kijani, jina la nyumba ubavuni. Hatua tatu. Binti alilisoma jina lile akiwa amekaa. Alipoomba muhuri, meneja akamwambia muhuri uko kwa mkurugenzi, mkurugenzi yuko safari.

Mama yake alifariki wiki ya sita ya kungoja. Kidonda kilifika mfupani, damu ikaingia sumu. Siku ile shuka lilikuwa safi kabisa.

Baada ya mazishi binti akarudi ofisini na cheti cha kifo. Aliomba kusoma maneno ya mama yake tu, yale aliyomwambia mkaguzi. Karani akainamisha kichwa. "Pole sana, dada. Lakini sasa imekuwa ngumu zaidi. Marehemu hawezi kutoa ridhaa."

Binti aliniambia hakulia. "Nilitafuta tusi, nikakosa," alisema. "Nikamuuliza choo kiko wapi."

Nina kumbukumbu ndefu. Miaka tisa iliyopita, kwenye kipindi hiki hiki, tulimkumbuka mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekaa nyumba nyingine. Mwanawe alijibiwa neno lile lile. Siri. Faragha ya nani, jamani? Vidonda ni vya mama, maneno ni ya mama. Faragha inayobaki ni ya mwenye nyumba.

Kwa binti wa marehemu, pole. Kwa mjomba, pole. Pole yenyewe ni nyepesi mkononi, najua. Sina ninachoweza kuwapa zaidi.

Ila nawaeleza ninyi wengine. Kitanda cha Bi Pindo kilikaa wazi siku mbili. Sasa amelala pale baba wa mtu, na mtu huyo huenda ananisikiliza. Wewe uliyempeleka mzazi wako nyumba yoyote, usinipigie simu kuniambia umesikitika. Nenda leo, bila taarifa, umgeuze, umtazame mgongo. Ukiona kidonda, mtoe, usingoje karatasi ya mtu. Na kesho saa mbili asubuhi ofisi ya wakaguzi inafunguliwa. Binti atakuwa amekaa pale, peke yake, kama jana na juzi. Nenda ukakae naye. Kaunta ikikuuliza unataka nini, taja jina la nyumba, useme unataka kusoma.