Florian Rwegasira na Mfupa wa Mara ya Pili

Ndugu waombolezaji, mimi ni Muganyizi, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Florian Rwegasira.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwaka aliomaliza mwinjilisti wa usharika wetu akamfundisha tarumbeta. Mwaka 1980 alihitimu ufundi wa mitambo, akaja Mwanza, akatengeneza injini za vivuko vya Nansio hadi alipostaafu mwaka 2021. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Tereza, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa Brightness.

Tarehe 2 Februari 2019 aliteleza kwenye ngazi ya chumba cha injini, akapoteza meno mawili ya mbele ya juu. Alivaa meno ya bandia ya kuchomoa, lakini Jumapili moja akipiga tarumbeta kanisani aliyapuliza yakaangukia miguuni pa kwaya, akaifungia tarumbeta kabatini. Brightness alipochumbiwa na Mhoja wa Usagara, harusi ikapangwa tarehe 16 Desemba 2023, marehemu alisema atampigia mwanawe tarumbeta hadi madhabahuni, akaenda kwa daktari wa meno, Dk. Achola Ooko.

Daktari alimweleza kwamba mahali palipong'oka meno mfupa wa taya umenyauka, skrubu ya jino jipya haina pa kushika, hivyo lazima mfupa uoteshwe kwanza, kwa kujaza unga maalumu na kuufunika kwa utando, ili mwili ujenge mfupa wake juu ya unga huo. Kuna unga wa mfupa wa ng'ombe na kuna unaotengenezwa kwa madini. Marehemu aliuliza, "Ng'ombe huyo alikuwa na mistari?" kwa sababu ng'ombe wa mistari ni mwiko wa ukoo wetu, hatumli. Daktari akajibu, "Mzee, mimi napokea chupa tu, ng'ombe sijawahi kumwona." Marehemu akachagua wa madini.

Alijazwa tarehe 13 Machi 2023, akakatazwa kupuliza kitu chochote mpaka aruhusiwe. Tarehe 9 Aprili ilikuwa Pasaka, na alfajiri ya Pasaka matarumbeta hupigwa makaburini. Tereza alimwuliza, "Baba Brightness, daktari alisema nini?" Akajibu, "Ubeti mmoja tu." Fizi ilifumuka, unga ukatoka, na kazi yote ikaharibika.

Alijazwa tena tarehe 3 Julai, safari hii unga ukachanganywa na mfupa uliokwanguliwa kwenye taya lake mwenyewe, na ikawa wazi kwamba Desemba hatakuwa tayari. Brightness akaomba harusi isogezwe. Baba mkwe wake, mzee Maige, aliuliza, "Sasa harusi inasubiri meno?" Binti akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba, ndiyo, inasubiri meno." Mzee alicheka hadi akashika ukuta, akakubali.

Mfupa uliota. Skrubu ziliwekwa Januari 2024, meno Mei, na tarehe 29 Juni 2024 mimi nilimshika bibi harusi mkono, baba yake akatangulia akipuliza kutoka getini hadi madhabahuni, beti zote, na mzee Maige ndiye aliyeanza kupiga makofi kanisani. Picha ya eksirei ya taya lake aliitundika sebuleni kwake Buzuruga, na wageni walionyeshwa mfupa kabla ya picha za harusi.

Agosti 2025 alianza kuugua moyo, akalazwa mara mbili, akafariki tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, Tereza akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Buzuruga waliokesha nasi, mafundi wenzake wa vivuko, na Dk. Ooko, ambaye yuko hapa na hajakubali kukaa mbele. Bendi ya matarumbeta, marehemu aliacha agizo kwamba leo msimpigie wimbo wa kuvuta wa maombolezo, pigeni wa harusi, na sisi tumeruhusiwa kucheza.

Kaka Florian, umepuliza vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.