Mchungaji Idwal Prytherch, Aliyeshikwa kwa Neno Lake

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Mererid, bintiye na mtoto wake wa kwanza, naomba mnisikilize.

Marehemu baba yetu, Mchungaji Idwal Prytherch, alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 huko Tregaron, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma hapohapo, kisha chuo cha theolojia Aberystwyth, ambako alisifiwa kwa mtindo wake wa kusema jambo, kujikatiza, na kulisema upya kwa nguvu zaidi, hata msikilizaji akadhani ukweli umezaliwa mbele ya macho yake.

Tarehe 12 Septemba 1948 aliwekwa wakfu katika kanisa letu hili la Bethania, na katika mahubiri, ulimi ukiwa umeshika moto, alisema, "Nitakaa nanyi miaka mitano. Nasema nini, mitano? Nitakaa mpaka mnizike!" Waumini, wachimba mawe wa hapa, walisimama wakilia. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulimtia pingu.

Tarehe 3 Juni 1950 alimwoa mama yetu, Gwenllian, mwalimu wa muziki, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Emrys. Mwaka 1956 kanisa la Wawelisi wenzetu walioko mji mkubwa wa Liverpool lilimwita awe mchungaji wao, mama akafurahi, akaanza kufunga vikombe kwenye magazeti, lakini Mzee wa Kanisa Ifor Pugh alikuja jikoni, akavua kofia, akasema, "Mchungaji, si ulisema mwenyewe? Au siku ile ulikuwa unatuchombeza tu?" Baba aliwaandikia Liverpool barua ya kukataa. Mama alivifungua vikombe peke yake, na hakuimba tena nyumbani humo hadi alipofariki mwaka 1971. Miito mingine ilipokuja, baba aliikataa kabla chai haijapoa.

Mwaka jana alianza kuugua moyo, mwaka huu akalazwa hospitalini Bangor, na jioni ya tarehe 2 Novemba 1989 Mzee Pugh, akiwa amemshika mkono, alimwuliza, "Tulikubana, Mchungaji?"

"Mlinipenda," alisema baba. "Nasema nini, mlinipenda? Mlinifunga."

Alifariki alfajiri iliyofuata. Mzee Pugh aliniomba nisiyasome maneno hayo, nami namheshimu kama baba mdogo, lakini nimeyasoma, kwa kuwa maisha yake yote, kila alipojisahihisha, mlimwamini, basi mwaminini na leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu na mkate wa zabibu, wachungaji wenzake, na ninyi wana Bethania, ambao kweli mlimpenda.

Baba, wanakuzika sasa. Umetimiza. Pumzika kwa amani.